Mkoba Mmoja wa Wanawake Sita

Sogeeni karibu, enyi wenye mabinti ughaibuni na enyi mnaojiandaa kuwapeleka. Hadithi hii ni ya Kwamboka, lakini ukiisikiliza vizuri huenda ukakuta nyumba yako imo ndani yake.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na chumba cha wanawake sita kwenye ghorofa ya tatu, mtaa wa Al Mansoura, Doha, kilikuwa na raha yake ya mara moja kwa wiki. Wanjiru alikuwa akimsuka Ann nywele. Khadija, Mtanzania wa Kondoa, alikuwa anakaanga maandazi huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Wote walikuwa wa kampuni moja ya usafi. Siku sita kwa wiki walisugua vioo, ngazi na vyoo vya majumba ya The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa ambako matajiri hufunga boti zao nje ya mlango kama sisi tunavyofunga ng'ombe. Siku ya saba walilala hadi mchana, wakala, wakacheka.

Kwamboka alikuwa mbele ya kioo akijifunga kitambaa kichwani. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya mkoba.

Katika chumba hicho kulikuwa na zamu ya kupika, zamu ya bafu na zamu ya mkoba, na hiyo ya mwisho hakuna aliyethubutu kuiruka. Mkoba wenyewe ulikuwa mweupe, wenye mnyororo wa rangi ya dhahabu. Khadija alipewa na mama mmoja aliyekuwa anahama. Zipu yake ilikufa zamani, bitana imechanika, na ili usimame wima waliujaza magazeti makuukuu. Kila Ijumaa mwenye zamu alivaa nguo yake nzuri, akapanda metro hadi The Pearl, akasimama kando ya boti za watu, mwenzake akampiga picha. Picha ikaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Msiwacheke haraka. Sisi wa nyumbani ndio tuliowafundisha. Binti akipiga simu hatumuulizi analala wapi wala mwajiri wake ni mtu wa namna gani. Tunamwambia, tuma picha tuone. Basi wakatuma.

Simu ya Kwamboka ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa mdogo wake, Moraa, aliyebaki kijijini kwao Nyamira. Kwamboka akaifungua huku akitabasamu, na tabasamu likamkauka. Lilikuwa bango lililobandikwa ukutani, sokoni kwao, kando ya duka la dawa za mifugo. Katikati ya bango alikuwa yeye mwenyewe, na mkoba mweupe begani, na boti ya mtu nyuma yake. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: KAZI ZA HOTELI DOHA. MUULIZE KWAMBOKA WETU.

Ukafuata ujumbe wa sauti. Moraa alikuwa anacheka.

"Dada, nilitaka kukushtua. Nimeacha chuo. Mwalimu Gerishon amemaliza karatasi zote, ndege ni Jumatano. Nitakuwa hotelini, hapo hapo The Pearl kwako. Unitafutie pa kulala, na huo mkoba usinifiche."

Khadija alimwona amekaa ghafla kitandani. "Vipi, kuna msiba?"

"Bado," Kwamboka akasema.

Sasa niwaambie lile ambalo Kwamboka hakuwa amemwambia mtu yeyote wa kwao kwa miaka mitatu. Yeye naye aliahidiwa hoteli, na aliyemwahidi ni huyo huyo Gerishon, mwalimu wake wa darasa la tano, aliyestaafu chaki akaingia katika biashara ya kusafirisha wasichana. Alipofika Doha hakupelekwa hotelini. Alipelekwa Abu Hamour kuwa kadama, yaani mtumishi wa ndani, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye watoto sita.

Haikuwa nyumba ya mashetani. Ilikuwa nyumba ya watu waliozoea kwamba anayewahudumia hachoki. Aliamka kabla yao, akalala baada yao, katika chumba cha kufulia, godoro likiwa limebanwa na mashine. Simu yake ilikaa kwenye droo ya bibi wa nyumba, akapewa dakika kumi kila Ijumaa, bibi mwenyewe akiwa amesimama pale pale. Kwa miezi kumi na minne hakuwahi kuvuka lango isipokuwa kutupa takataka. Asubuhi moja aliziweka takataka chini, kisha hakurudi. Alitembea mchana kweupe hadi kwa mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa kwenye duka kubwa la jirani, na huyo akampeleka kwenye ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi. Baada ya wiki nyingi za njoo kesho, alipata mwajiri mwingine, ile kampuni ya usafi.

Wiki ile ile alipohamia Al Mansoura, mama yake alimwambia, "Umepotea sana, tuma picha tuone." Ilikuwa Ijumaa. Mkoba ulikuwa unaning'inia kwenye msumari. Alipoituma picha ile, mama yake alilia kwa furaha kwenye simu, na Kwamboka akaona hawezi tena kurudi nyuma akaanza kusimulia chumba cha kufulia. Tangu hapo ikawa picha juu ya picha. Mama alizipeleka zote kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na Gerishon alikuwamo kundini.

Alimpigia mama yake palepale.

"Mama, Moraa asije."

"Asije kwa nini?"

"Hiyo kazi si ya hoteli. Ni kazi ya nyumba. Mimi mwenyewe nililetwa hivyo."

"Kwamboka, mwanangu, wewe uliondoka hapa na kiatu kimoja kizuri. Leo unasimama na mikoba kwenye mashua. Mwenzako akitaka kung'aa, unamzimia taa?"

"Mama, huo mkoba si wangu."

"Nimeuona kwa macho yangu miaka miwili. Nani huazima mkoba miaka miwili?"

Kweli, nani? Kwamboka akaomba azungumze na Moraa. Akamweleza kila kitu: droo, lango, godoro kando ya mashine. Alitarajia kilio. Moraa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa utulivu uliomchoma kuliko tusi.

"Dada, miaka miwili umekuwa ukiniambia kwamba maisha huko ni matamu. Leo unasema ni machungu. Sasa ulidanganya lini, siku zile au leo?"

"Siku zile."

"Basi lete ushahidi. Kwa sababu mimi picha ninazo, na wewe una maneno tu."

Moraa alikuwa amebakiza miezi minane amalize uuguzi. Miezi minane tu. Ndicho kilichomkata Kwamboka maini. Yeye alipoondoka kijijini hakuwa na cha kuacha isipokuwa kikapu cha kuchumia chai, lakini huyu alikuwa anatupa kazi iliyokuwa karibu kushikika, na alikuwa anaitupa kwa sababu ya magazeti makuukuu ndani ya ngozi bandia.

Kesho yake, saa ya mapumziko, akiwa ameketi kwenye ngazi za huduma za jengo moja The Pearl, akapigiwa simu na Gerishon mwenyewe. Mama alikuwa amemwambia.

"Kwamboka, binti yangu. Nasikia unanivurugia."

"Shikamoo, Mwalimu." Ndivyo alivyolelewa, na hakuona sababu ya kuacha adabu hata kwa mtu wa namna ile.

"Marahaba. Sikiliza. Wasichana watatu wanaondoka Jumatano, dada yako mmoja wao. Wazazi wameshaaga, kanisa limeshaomba. Wewe nyamaza tu, kazi ya kunyamaza si ngumu."

"Umewaambia ni kazi za nyumba?"

"Wakifika watajua. Wewe si ulijua ukazoea?"

"Sikuzoea, Mwalimu. Nilitoka."

"Ulitoroka," Gerishon akamsahihisha, kwa ile sauti yake ya darasani. "Na watu wa hapa wakisikia msichana ametoroka nyumba ya mwajiri, hawaulizi alilala wapi. Wanauliza alitoroka na nani. Mama yako ni mtu wa kanisa. Fikiria hilo."

Jamaa zangu, hapo ndipo wengi wetu hukunja mkia. Tunafikiria mama, tunafikiria kanisa, tunafikiria shangazi mwenye mdomo, tunanyamaza. Na mtu kama Gerishon anakula kwa kunyamaza kwetu. Kwamboka naye nusura anyamaze. Lakini alikuwa na hasira, na mara nyingine hasira hufanya kazi ambayo ujasiri haujaifikia.

"Mwalimu," akasema, "ulipotufundisha hesabu ulikuwa unatupiga tukiandika jibu bila njia. Unakumbuka? Miaka miwili nimewaonyesha watu jibu tu. Sasa nitawaandikia njia yote, mstari kwa mstari. Hutahitaji kuwaambia nilitoroka. Watasikia kwangu kabla hujafika sokoni."

Akakata simu. Alirudi kwenye vioo vyake na kuvisugua mpaka msimamizi akamuuliza leo amekula nini.

Jumapili jioni waliporudi kutoka kazini, kabla mtu hajavua sare, Kwamboka aliutoa mkoba kwenye msumari akauweka katikati ya chumba.

"Naomba kitu," akasema. "Nataka tupigwe picha sisi sote. Hapa chumbani, na hizi sare, kila mmoja na huu mkoba. Halafu nazipeleka kwetu, kwenye kundi la kanisa."

Wanjiru akatupa viatu vyake chini ya kitanda.

"Zi, sitaki. Mimi hiyo stori siingii. Kwetu Nyeri wamenitundikia picha sebuleni, na hiyo hiyo mkoba. Wageni wakija wanaonyeshwa. Unataka mathe aitoe ukutani aweke nini, ndoo?"

"Nataka Moraa asiende kulala kando ya mashine."

"Pole kwa Moraa, kusema ukweli. Lakini ni sista yako, si wangu. Picha zikianza kutembea hazijui Nyamira zinaishia wapi."

"Ni kweli," Kwamboka akasema. "Zitatembea. Hata zile za kwanza zilitembea, Wanjiru. Zilitembea mpaka zikabandikwa kwenye bango. Unajua yako iko kwenye bango la nani?"

Khadija ndiye aliyeinama akauokota mkoba. Akaufungua, akaanza kutoa magazeti, moja moja, akiyarundika kitandani.

"Mwenzenu nina mtoto wa marehemu dada yangu," akasema. "Wiki iliyopita kaniandikia, mama mdogo, na mimi nataka huko uliko. Nikamjibu, in shaa Allah. Sikujua nimjibu nini, ndiyo nikamjibu hivyo. Mkoba huu ni wangu, nilipewa mimi, na fedheha yake naanza nayo mimi. Nipige."

Akauweka mkoba begani, mtupu, umelegea, mdomo wazi. Akasimama mbele ya vitanda vya kupandana na sare yake ya kijivu yenye madoa ya dawa ya vioo, na hakutabasamu.

Ann akafuata, kisha wale wenzao wawili wengine, kisha Kwamboka. Wanjiru alikataa kabisa kupigwa, lakini simu iliyopiga picha zote tano ilikuwa mikononi mwake, na kila mara alimwambia mtu ainue kidevu. Ilipofika zamu ya Kwamboka kuzungumza kwenye video, Wanjiru alimkatiza mara mbili na kumwambia aanze upya.

"Unaongea kama mtu anaomba msamaha," akamwambia. "Umekosea nini?"

Mara ya tatu Kwamboka alizungumza hivi, nami nayarudia maneno yake kama yalivyokuwa:

"Mimi ni Kwamboka, mnanijua. Huu ndio mkoba mliouona kwenye picha zangu. Ni wa Khadija, huyu hapa, na tumeubeba sote kwa zamu. Ndani yake tulitia magazeti. Mimi ni mfanyakazi wa usafi na sioni haya kwa kazi hiyo, nafanya vizuri. Naona haya kwa kuwadanganya. Mwalimu Gerishon aliniahidi hoteli, nikapelekwa kuwa kadama. Nilikaa miezi kumi na minne bila siku ya kupumzika, na simu yangu ilikuwa kwenye droo ya watu. Kisha niliondoka. Sikutoroka na mtu. Niliondoka mchana, kwa miguu yangu, nikaenda kushtaki. Anayetaka kusema lingine aje aniulize mimi, kwa sababu bango linasema muulize Kwamboka. Niulizeni basi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza."

Akazituma zote, picha tano na video. Zikaonekana zimesomwa na watu arobaini, hamsini, themanini. Hakuna aliyeandika neno. Kisha mstari mmoja ukatokea: Mwalimu Gerishon ameondoka kwenye kundi.

Khadija akacheka peke yake. Wengine walisubiri.

Jumatatu Moraa hakujibu. Jumanne mama hakupokea simu, na Jumanne ndiyo siku ambayo msafiri wa Nyamira hupanda basi la Nairobi ili awahi ndege ya Jumatano. Kwamboka alikosea kazi siku hiyo, alimwaga ndoo nzima kwenye zulia la watu akaandikiwa onyo. Aliwaza kwamba amejivua nguo mbele ya kijiji kizima na bado hajamwokoa mtu. Aliwaza pia, na hili alimwambia Khadija, kwamba hata ikiwa hivyo hataomba msamaha.

Jumatano mchana, akiwa kwenye ngazi zile zile za huduma, simu ikatikisika. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama yake, na nyuma yake kelele za soko.

"Kwamboka. Hizi siku mbili sikuwa na uso wa kuzungumza na wewe. Nimekuwa nikiringa kule kanisani na mkoba wa magazeti, kumbe mtoto wangu alikuwa akilazwa chumba cha nguo chafu. Ningekuuliza ungesema. Sikukuuliza. Leo nimekuja hapa sokoni na wamama watatu, na lile bango nimelitoa kwa mkono wangu. Mwalimu akaniuliza nalitoa kwa ruhusa ya nani. Nikamwambia, uso ni wa mtoto niliyemzaa mimi."

Kwamboka aliusikiliza mara nne, akalia bila kujificha, na wafanyakazi waliopita ngazini walimpisha.

Jibu la Moraa lilikuja baadaye kidogo. Ilikuwa picha yake amesimama kwenye lango la chuo, na sare yake ya mwanafunzi wa uuguzi, uso umekunjwa. Chini yake aliandika: "Nimerudi darasani, wamenipokea kwa barua ya onyo. Bado nimekukasirikia. Wewe ulikuwa ukilala kando ya mashine na mimi nakuagiza viatu. Mbona hukuniambia? Mimi ni mtu wa kukuonea haya?"

Kwamboka alimjibu neno moja, "Nisamehe," na hilo alilimaanisha.

Sitawadanganya nikasema wote waliokoka, maana hadithi hii imechoka na uongo. Kati ya wale wasichana watatu, wawili walibaki. Wa tatu, baba yake alisema Kwamboka ana wivu, akampandisha ndege. Kwamboka alipata namba yake, akamwandikia: "Jina la mtaa na namba ya nyumba uliyopelekwa nitumie leo, kabla simu haijachukuliwa. Na shika namba hii kichwani." Msichana akamtumia. Alikuwa Abu Hamour. Siku hizi, kila Ijumaa, Kwamboka na Wanjiru hupanda basi hadi mtaa ule, wakapita mbele ya lango lile polepole, mara mbili, ili aliye ndani akichungulia ajue kwamba kuna watu wanaojua alipo.

Ndiyo, Wanjiru, yule yule aliyekataa kupigwa. Picha yake aliipiga mwenyewe siku moja baada ya zile tano, chumbani, mkoba mtupu begani, akamtumia mama yake bila maneno yoyote. Sebuleni kwao bado kuna picha ukutani, lakini si ile ya boti.

Na mkoba upo, unaning'inia kwenye msumari wake. Zamu yake ilikufa. Sasa mwenye zamu ya kupika ndiye anayekwenda nao dukani kununua vitunguu, na kwa kuwa haufungi, kila mtu mtaani anaona amebeba nini.

Funzo

Hadithi hii haisemi mabinti wasisafiri. Kazi iko kule, na wapo wanaoifanya wakarudi salama na heshima yao. Inasema kwamba mtu asisafiri kwa picha.

Wewe uliye ughaibuni, kazi yako si aibu, hata iwe ya kusugua choo. Aibu ni ya aliyekuahidi hoteli akakupeleka jikoni kwa mtu. Ukimfichia aibu yake, ataitumia sura yako kumvuta mdogo wako. Sema mapema, kwa sababu ukichelewa hata ukweli wako utaombwa ushahidi.

Wewe mwenye kusafirisha watu, hata kama ulikuwa mwalimu wetu, tutakuamkia kwa adabu na tutakutaja kwa jina.

Nasi tuliobaki nyumbani, tuache kuomba picha kwanza. Tuulize mwajiri ni nani, mtaa gani, siku gani unapumzika, simu yako inalala wapi. Na siku binti yako akikutumia picha na mkoba mzuri begani, muulize ndani mna nini.